Usiutie saruji: namna ya kukarabati msikiti wa zamani wa udongo

Mimi ni mwashi. Nilizaliwa Lamu, babu mzaa mama ndiye aliyenifundisha chokaa, na tangu 1986 naishi Majengo hapa Pumwani, Nairobi, ambako chokaa haina mteja na saruji inauzwa karibu kila kona. Kazi ninayoieleza hapa ni ya msikiti mdogo wa mtaani kwetu: kuta za fito na udongo, paa la mabati. Kamati iliniita niupige plasta ya saruji "upendeze." Nilikataa, na si kwa kiburi. Plasta hiyo nimeshaipiga mara moja maishani, mwaka 1994, kwenye nyumba ya udongo mtaa wa pili kutoka hapa. Baada ya masika mawili ikabanduka kama ganda la yai la kuchemsha, ikaondoka na nusu ya ukuta. Mwenye nyumba hakunidai kitu. Alinitazama tu, na mpaka leo hunitazama vile vile tukikutana gengeni.

Kamati haikunielewa mpaka nilipowaonyesha kwenye simu ya binti yangu picha za msikiti wa Tinmel.

Tinmel ni kijiji kwenye milima ya Atlasi huko Moroko, bonde la mto Nfis, kiasi cha kilomita 100 kusini ya Marrakesh. Mwalimu wa dini Ibn Tumart alipanda huko miaka ya 1120, akawakusanya wafuasi wake waliojiita al-Muwahhidun, watu wa tauhidi, akaifanya milima kuwa ngome yao. Alifariki mwaka 1130. Aliyeshika nafasi yake, Abd al-Mu'min, aliteremka na jeshi, akaiteka Marrakesh mwaka 1147, na dola yao ikaja kuenea kutoka Andalusia mpaka Tripoli. Katika miaka hiyo ya katikati ya karne ya 12 ndipo msikiti ule ulipojengwa, kumkumbuka mwalimu aliyezikwa pale kijijini. Mwaka 1276 Wamarini, ukoo uliowapindua, wakapanda na kuuvunja mji. Msikiti ukasalia mlimani peke yake. Paa likaanguka zamani, kuta zikabaki zimesimama jua na mvua, theluji ikiwaangukia majirani zake wa vileleni.

Sasa sikiliza ulivyojengwa, maana hapa ndipo penye somo letu. Kuta za nje ni udongo ulioshindiliwa: unasimamisha mbao mbili, unamwaga udongo mbichi kidogo, unaupiga kwa mti mzito mpaka mlio wake ubadilike, unaongeza tabaka jingine, kisha unahamisha mbao. Nguzo na matao ni matofali ya kuchoma. Mihrabu imepambwa kwa plasta iliyochongwa, na mnara umekaa juu ya mihrabu yenyewe, jambo ambalo huwezi kuliona mahali pengi. Katika miaka ya 1990 ulikarabatiwa. Ukarabati mwingine ulikuwa unaendelea usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, tetemeko la ukubwa wa 6.8 lilipopiga milima ile na kuua karibu watu 3,000. Sehemu kubwa ya msikiti ikaanguka.

Mwenyekiti wetu, mzee anayeuza vipuri vya matatu na hapendi kupotezewa muda, akaniuliza, "Kwa hiyo, fundi, huo wa udongo ulianguka, nawe unatuletea habari za udongo?"

Swali zuri. Nikamjibu, mwenyekiti, ulianguka baada ya kusimama zaidi ya miaka 850, na ulichokutana nacho ni tetemeko. Wetu haujafika hata mia, na unauawa na mfereji wa udhu.

Nikaongeza jambo la pili. Udongo hustahimili kubanwa lakini haustahimili kuvutwa. Ukitikiswa kwa nguvu unapasuka, hasa ukuta mrefu usiofungwa na kitu. Kuta zetu za Majengo zina fito ndani, na fito ndizo zinazoufunga ukuta kama uti wa mgongo. Ukizikata ili kupachika dirisha kubwa la chuma, umejitafutia mwenyewe.

Kaa chini na wazee kwanza

Kabla ya kushika mwiko, tafuta mtu aliyeuona ukuta ukijengwa au aliyesimuliwa na aliyeuona. Sisi tulimpata bibi mmoja mwenye umri wa miaka 80 na ushei, aliyezaliwa nyumba ya nne kutoka msikitini. Nilimpelekea kahawa na daftari. Alinieleza kwamba paa la kwanza lilikuwa la madebe yaliyopasuliwa na kunyooshwa, mabati yalikuja baadaye. Wanaume walisimamisha nguzo, na wanawake na watoto ndio waliobeba maji na kukanyaga udongo. Yeye mwenyewe alikanyaga, akiimba. Udongo haukuchimbwa hapa, uliletwa na mkokoteni kutoka upande wa magharibi, udongo mwekundu, kwa kuwa wa hapa ni mweusi na "unacheka." Alikuwa na maana ya kupasuka.

Neno hilo moja la bibi liliniokolea wiki mbili za kujaribu.

Andika kila kitu, hata kinachoonekana upuuzi. Piga picha kila ukuta kutoka pembe ile ile, ndani na nje, ukiweka futi kando ili kipimo kionekane. Chora ramani kwa mkono. Uliza pia habari za karatasi. Kama kiwanja ni wakfu, wasimamizi wa wakfu wajue kabla hujagusa jiwe. Kama jengo limetangazwa rasmi kuwa la urithi, sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006 inakutaka upate ruhusa ya Makumbusho ya Taifa. Kibali cha kaunti nacho kipo. Sitaki kukaa hapo sana. Katibu wa kamati ndiye aliyezunguka maofisini, na viatu vyake ndivyo mashahidi.

Yafuate maji

Ukuta wa udongo haufi kwa uzee. Hufa kwa maji, na maji yana njia tatu tu: juu, chini, na pembeni.

Anza juu. Ngoja mvua inyeshe, uingie ndani ukae. Mimi nilikaa jioni nzima ya mwezi wa Aprili kwenye safu ya mwisho na chaki mkononi, nikichora duara kila tone lilipodondokea. Tundu la msumari kwenye bati linaweza kuvujia mita mbili kutoka pale unapoliona, kwa sababu maji hutembea juu ya boriti kabla hayajadondoka. Ziba paa, weka gata, na hakikisha ukingo wa paa umetokeza nje ya ukuta angalau nusu mita. Usianze ukuta kabla ya paa. Wapo wanaoanza ukuta kwa kuwa ndio unaoonekana na wafadhili.

Chini: uwanja wa nje huwa unapanda mwaka baada ya mwaka. Watu humwaga kokoto, kisha simiti juu yake, kisha tena, mpaka uwanja unakuwa juu kuliko sakafu ya ndani. Tulichimbua sentimita 30 kuzunguka msikiti mzima kabla ya kukutana na usawa wa zamani. Tukauacha hapo, tukachimba mtaro mwembamba kandokando, tukaujaza kokoto, ukaelekezwa barabarani.

Pembeni ndipo penye kesi yenyewe. Mifereji sita ya udhu ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye ukuta wa mashariki. Hesabu mwenyewe: watu, tuseme, 60 kwa kila sala, sala tano, kila mmoja akirusha maji kutoka kwenye viwiko na miguu. Ukuta ule ulikuwa unapata masika mara tano kwa siku. Mtu fulani zamani aliona unyevu akaufunika kwa plasta ya saruji mpaka kimo cha kiuno. Tulipoibandua kwa patasi, udongo wa nyuma yake ulikuwa laini kama ugali uliokosa unga. Fito za chini hazikuwepo tena. Mchwa walikuwa wamekula, wakashiba, wakahama.

Hiki ndicho saruji inachofanya. Yenyewe ni ngumu na haipitishi pumzi. Udongo wa nyuma hunyonya unyevu kutoka chini, unyevu hutafuta pa kutokea, hukuta mlango umefungwa, hubaki humo humo. Ukipanda unaacha chumvi, chumvi inavimba, plasta inasukumwa. Kwa nje ukuta unang'aa, na ndani umeoza.

Tulihamisha mifereji mita mbili na nusu kutoka ukutani, tukajenga baraza fupi la kukalia na mtaro wa kupeleka maji machafu. Kazi hiyo ilichukua siku nne, na naapa ingetosha kuupa msikiti miaka 20 hata tusingegusa kitu kingine.

Nyufa zinasema, ila polepole

Upande huu wa mashariki wa Nairobi tumekaa juu ya udongo mweusi. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi kikija unanywea na kupasuka. Kwa hiyo ufa unaweza kufunguka mwezi wa pili na kujifunga mwezi wa tano. Ukiujaza wakati uko wazi, mwezi wa tano ukuta utatafuta mahali pengine pa kupasukia.

Gundisha kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa jasi, pande zote mbili, uandike tarehe kando. Kioo kikivunjika, ukuta bado unatembea na tatizo liko kwenye msingi. Kikikaa kizima mvua moja na kiangazi kimoja, ufa umelala, ujaze. Sisi tuliweka vioo saba. Kimoja kilivunjika, kile cha kona ya kaskazini-magharibi, na chanzo kilikuwa bomba la maji taka lililopasuka chini ya kichochoro. Mwenyekiti alitaka kujua kwa nini tunasubiri miezi saba kwa ajili ya vioo. Nikamwambia gari nalo likigonga hubadilishi injini siku hiyo hiyo, unasikiliza kwanza. Lugha hiyo aliielewa.

Udongo

Usitupe kifusi cha ukuta. Kule Tinmel baada ya tetemeko mafundi waliyachambua mabaki, matofali ya zamani yakapangwa kando ili yarudi ukutani. Nasi tulifanya hivyo kwa mikono yetu mitupu: udongo uliobanduka tuliuponda, tukauchekecha, tukautenga kwenye magunia. Udongo wa zamani ukilowekwa tena huwa hai. Umeshakaa na ukuta huo miaka yote, hauna haja ya kujuana naye upya.

Wa kuongeza lazima uupime. Chukua chupa ya kioo iliyo wazi, jaza theluthi moja udongo, maji mpaka karibu na shingo, chumvi kidogo, tikisa vizuri, iache siku nzima. Mchanga utakaa chini, juu yake udongo laini zaidi, na mfinyanzi juu kabisa. Tabaka la mchanga liwe kubwa kuliko yote. Mfinyanzi ukizidi, ukuta utacheka kama alivyosema bibi. Ukipungua, utamomonyoka kama biskuti. Chupa hata hivyo haitoshi. Kandika viraka vinne ukutani, kila kimoja na kipimo chake cha mchanga, uviache wiki. Kisichopasuka na kisichoacha vumbi kwenye kiganja ndicho chako. Kwetu kilishinda cha karai moja la udongo mwekundu, karai moja la udongo wa zamani, karai mbili za mchanga.

Kata nyasi kavu urefu wa kidole, changanya, mwagia maji, kanyaga. Kanyaga kweli kweli, kwa miguu. Kijana wangu wa kazi alitaka kuleta mashine ya zege. Nikamwachia ajaribu, na udongo ukajiviringisha humo ndani kuwa mipira kama ya soka. Akavua viatu. Ukishakanyagwa ufunike na uache siku tatu au nne ulale. Utaanza kunuka. Ndiyo dalili nzuri, ingawa jirani mmoja alikuja kuuliza kama tumepasua choo.

Fito zilizoliwa zibadilishe moja moja, usitoe zote kwa pamoja. Pima kila moja kwa bisibisi: ikizama bila kusukumwa, ng'oa. Nguzo za mkaratusi utazipata Gikomba upande wa mbao. Funga kwa kamba ya katani. Msumari hupasua fito na hushika kutu.

Nyunyizia ukuta maji uwe na unyevu bila kuchuruzika. Kisha udongo urushe. Usiupake kama siagi. Ukiubamiza kwa nguvu unaingia katikati ya fito na kushikana na wenzake wa upande wa pili. Tabaka la kwanza liache na mikwaruzo ya vidole, likauke, ndipo la pili.

Chokaa, ambayo ndiyo ngozi

Babu alikuwa akichoma mawe ya matumbawe juu ya tanuu la magogo, usiku kucha, kisha vipande vyeupe vikitiwa maji vinachemka na kupasuka kama bisi. Jiwe lile likichomwa kiasi cha nyuzi 900 hutoa hewa yake. Ukilipaka ukutani huivuta tena hewa ile ile kidogo kidogo, likarudi kuwa jiwe. Ndiyo sababu chokaa haitaki haraka, na ndiyo sababu inapitisha pumzi.

Hapa Nairobi tumia chokaa ya mfuko ya hadiwea, ile iliyokwisha kuzimwa. Itie kwenye pipa lenye maji, si maji kwenye chokaa, uifunike na vidole vinne vya maji juu yake, uisahau. Wiki mbili ni kidogo, miezi miwili ni vizuri. Itakuwa kama samli iliyoganda. Vaa miwani. Babu alikuwa na jicho moja, na hilo jingine halikuchukuliwa na uzee. Mikono ipake mafuta ya nazi kabla ya kuanza.

Kwenye ukuta wa udongo mimi sipigi tena plasta nene ya chokaa. Huupaka chokaa nyepesi mara nyingi. Chota ile iliyoganda, koroga na maji mpaka iwe kama tui la pili, lile jepesi, chuja kwa kitambaa. Lowesha ukuta. Paka kwa brashi ya katani, tabaka jembamba ambalo ukipaka halionekani. Utadhani umepaka maji, kesho yake ni jeupe. Mkono wako ukiwa mzito, litapasuka. Tulipaka matabaka matano, siku moja baina ya kila moja. Jua la Januari likiwa kali, tundika magunia yaliyolowa mbele ya ukuta, kwani chokaa ikikauka kabla ya kukomaa inakuwa unga. Wengine hutia chumvi. Mimi sitii, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu, nasi tumehangaika kuutoa. Na mtu akikuletea rangi ya plastiki ya zawadi, mshukuru, ipake mlango wa stoo.

Sehemu za mawe zilizoongezwa baadaye ni habari nyingine. Hapo viungo vyake huchimbuliwa na kujazwa chokaa moja kwa mchanga tatu. Kama huna uhakika cha zamani ni nini, kwaruza kwa msumari: chokaa huacha unga mweupe, saruji humkataa msumari.

Mihrabu na mambo yake

Ukuta wetu wa kibla ulikuwa umepinda. Kutoka Nairobi Makka iko karibu kaskazini kabisa, ikielekea mashariki kidogo, kiasi cha nyuzi saba, na wetu ulikuwa umezidi upande wa magharibi. Vijana wakaja na simu zao wakitaka tuuvunje. Misikiti ya al-Muwahhidun kule Moroko nayo huelekea kusini kuliko dira ya leo inavyosema, na hakuna anayeibomoa kwa ajili hiyo. Imamu wetu akamaliza maneno kwa kamba na chaki: safu zilichorwa sakafuni kwa mshazari, zulia likatandikwa kwa kufuata mistari, ukuta ukaachwa na pindo lake.

Ndani ya mihrabu, chini ya matabaka ya rangi ya mafuta, kijana wangu aligundua alama za vidole. Mtu aliyekandika zamani alimalizia kwa kuburuta vidole vinne kuzunguka upinde. Kwa kiganja kilivyo kidogo, nadhani ni mwanamke au mtoto. Tulisafisha kwa brashi ya meno na maji kidogo, siku sita, na hatukupaka kitu juu yake. Nilimwita bibi aje aone. Alitazama, akaweka vidole vyake juu bila kugusa, akasema si yeye, yeye alikuwa wa kukanyaga.

Sala hazikusimama hata siku moja. Tulifanya ukuta mmoja kwa wakati, turubai katikati, Ijumaa hatukugusa chombo, na mwezi wa Ramadhani tulifunga kazi kabisa. Jumla ya siku za kazi yenyewe zilikuwa 58, mifuko ya chokaa 11, na mwaka mzima na zaidi wa kungoja.

Kinachobaki ni cha mhudumu wa msikiti. Kila mwezi wa pili, kabla ya masika: panda ufagie gata, angalia mtaro wa kokoto haujajaa takataka za plastiki, gonga ukuta wa mashariki kwa ncha ya kidole kutoka chini kwenda juu, na palipo na sauti ya utupu weka alama ya chaki uniite. Paka chokaa tabaka moja nje. Pipa liko nyuma ya chumba cha kuhifadhia majeneza, limefunikwa kwa bati na jiwe juu yake. Usiache maji yakauke. Magunia mawili ya udongo wa zamani yaliyobaki yako hapo hapo. Yameandikwa "msikiti," kwa kuwa mara moja tayari mtu alitaka kuyapandia sukuma.